Kombi za familia zihifadhiwe kabla hazijaisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe ombi kwa Makumbusho ya Taifa, na pia kwa familia ambazo bado zina gari kuukuu limeegeshwa nyuma ya nyumba. Ninaomba itafutwe Kombi moja ya Volkswagen iliyokuwa mali ya familia ya kawaida hapa nchini, izuiwe isiendelee kuoza, na iwekwe mahali ambapo wajukuu wetu wataweza kupanda, kukaa vitini na kuelezwa gari lile lilifanya kazi gani. Ninaandika sasa kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu hawakauki mitaani kwetu hapa Moshi wakiulizia mabodi ya magari mabovu, na hivi karibuni nimeshuhudia Kombi nzima ikikatwa kwa moto wa gesi na kupakiwa kwenye lori kabla ya adhuhuri. Kombi hiyo niliifahamu tangu nikiwa shule ya msingi. Ndiyo iliyokuwa ikitupeleka kwenye mashindano ya kwaya.

Nimewahi kutembelea Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, nikayaona magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, yakiwamo ya Mwalimu Nyerere. Nilifurahi kuona yametunzwa, na sina nongwa nayo hata kidogo. Hata hivyo, mtoto anayemaliza kuyatazama magari yale anatoka akijua jinsi kiongozi alivyosafiri, na hajui mama yake au bibi yake alifikaje hospitali, harusini, mazikoni, sokoni au shuleni. Sehemu hiyo ya historia iko katika magari ambayo hayakuwa na bendera, na kwa kizazi chetu gari hilo mara nyingi lilikuwa Kombi.

Marehemu baba alikuwa bwana shamba wa kahawa. Katikati ya miaka ya 1970 aliinunua Kombi yetu kutoka misheni moja iliyokuwa ikibadilisha magari yake, ikiwa tayari imeshatumika sana, rangi nyeupe juu na buluu chini, na mlango mmoja tu wa kusukuma ubavuni kushoto. Mlango ule ulikuwa mzito kiasi kwamba mtoto alihesabiwa kuwa amekua siku alipoweza kuufunga mwenyewe kwa mkupuo mmoja bila kuambiwa arudie. Viti vilikuwa vya benchi, vimefunikwa kwa plastiki nyeusi iliyochoma mapaja wakati wa jua kali, na mama alivishonea vitambaa vya kitenge ambavyo kila Jumamosi tulivivua, tukavifua na kuvirudisha. Hesabu ya kiwandani ilikuwa watu wanane au tisa. Hesabu ya nyumbani ilitegemea nani anakwenda wapi, maana watoto walipakatwa, wengine wakakaa sakafuni juu ya magunia, na sisi wadogo kabisa tukawekwa nyuma kabisa, kwenye kile kitanda kilichokuwa juu ya injini.

Naomba nieleze kidogo habari ya injini hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyoifanya Kombi iwe gari la milimani kwetu. Bibi yetu alikaa Kibosho, na barabara ya kupanda huko wakati wa masika ilikuwa tope jekundu linaloteleza, lenye makorongo katikati na migomba pande zote mbili. Magari yenye injini mbele na mzigo mwepesi nyuma yalikuwa yakizungusha matairi pale pale, na abiria wakalazimika kushuka kusukuma. Injini ya Kombi ilikaa nyuma, juu ya matairi yanayosukuma, hivyo uzito wake ulikandamiza matairi hayo ardhini na gari likapanda taratibu kwa gia ya kwanza, huku likiunguruma kwa ule mlio wake wa kukatakata ambao bibi aliutambua akiwa jikoni kabla hatujafika kwenye kona ya kanisa. Tena injini hiyo ilipozwa kwa upepo wa feni tu. Haikuwa na rejeta wala haikuhitaji maji, na nakumbuka malori yaliyosimama mlimani yakitoa mvuke, madereva wake wakituomba maji tuliyokuwa hatuna sababu ya kuyabeba.

Kilichohitaji uangalizi ni mkanda, yaani feni belti. Mkanda huo mmoja uliendesha jenereta na feni kwa pamoja, na ulipokatika taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, dereva akawa hana budi kusimama papo hapo, kwani injini haikuwa na kitu kingine cha kuipoza. Baba hakusubiri ukatike. Kabla ya safari ndefu alifungua kifuniko cha nyuma, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona unalegea kiasi gani, kisha akaizuia puli, yaani gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda, kwa bisibisi na kufungua nati yake kwa spana namba 21. Nusu ya nje ya puli ilitoka mkononi mwake, na nyuma yake zikaonekana washa, yaani vipete vyembamba vya chuma, zilizopangwa pamoja. Alipotaka mkanda ukaze, alitoa washa moja kutoka katikati ya nusu mbili za puli na kuihamishia nje, chini ya nati, hivyo mfereji wa puli ukawa mwembamba na mkanda ukapanda juu zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuzishika washa hizo kiganjani, nisidondoshe hata moja mavumbini. Sikupata kuwa fundi maishani mwangu, ila kila ninapoona mtu anafanya kazi kwa uvumilivu, nakumbuka vidole vya baba vyenye grisi vikihesabu washa zile kutoka kiganjani mwangu.

Nimesema gari lilikuwa letu, na kwa kadi lilikuwa la baba kweli. Kwa matumizi lilikuwa la mtaa. Katika mtaa wetu wa Majengo magari binafsi yalikuwa machache, na hodi ya usiku wa manane mlangoni kwetu ilikuwa na maana moja, kwamba kuna mgonjwa au kuna mama ameshikwa na uchungu. Hospitali ya KCMC ilikuwa imefunguliwa mwaka 1971, na barabara ya kuelekea kule niliijua usiku kabla sijaijua mchana, kwa sababu baba alipenda kuniamsha nikamshikie tochi. Mama alikuwa muuguzi, hivyo mara nyingi wote wawili walitoka, mama akikaa benchi la katikati na mgonjwa akimlalia mapajani. Sikumbuki hata mara moja baba akidai fedha ya petroli. Waliojaliwa walirudi baadaye na mkungu wa ndizi, au kuku, au neno la shukrani tu, na yote yalipokelewa sawasawa.

Misiba nayo ilipita katika gari hilohilo. Mtu alipofia mjini na kuzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo mlimani, vijana wa mtaa walikuja na spana wakafungua benchi la katikati na la nyuma, wakayatoa na kuyapanga barazani kwetu, ambapo waombolezaji waliyakalia. Jeneza liliingizwa kwa mlango wa nyuma, likalala upande mmoja juu ya kifuniko cha injini na upande wa pili likiegemezwa juu ya magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba ili lisitikisike. Wanaume wawili walichuchumaa kando yake wakilishikilia hadi mlimani. Jumamosi iliyofuata mabenchi yakarudishwa, gari likaoshwa, likafungwa vitambaa na maua ya karatasi, likambeba bibi harusi na wasimamizi wake. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi pia sikuona ajabu wakati ule, na leo ndipo ninapotambua ni mambo mangapi ya ukoo na ya majirani yalipita katika nafasi ile ndogo nyuma ya mgongo wa baba.

Vijana wa leo wanaweza kudhani kwamba kuwa na gari wakati ule kulikuwa ni raha tupu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwanzoni mwa 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Fundi wetu alikuwa amezoea kuagiza vipuri Nairobi, na ghafla Nairobi ikawa mbali kuliko Ujerumani. Baadaye ikaja vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na petroli ikawa ya kupangiwa foleni na madumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa marufuku pia kuendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa kwa kibali maalumu, ili kuokoa mafuta, na nakumbuka jinsi ziara za kwa bibi zilivyokuwa za haraka siku hiyo: misa ya kwanza, mtori, salamu kwa baba wadogo, kisha kuteremka huku baba akitazama saa yake kila tulipofika kwenye kona.

Katika miaka hiyo Kombi ziliishi kwa kusaidiana. Mwenye gari bovu aliwaazima wenye magari mazima kabureta, mlango, au kioo cha taa, na mafundi walijua kila Kombi ya mji huu kwa sauti yake na kwa vipuri vilivyohamishwa kutoka moja kwenda nyingine. Kebo ya mafuta ilipokatika ikaungwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Breki zilitengenezewa raba na mafundi wa hapahapa. Ninaamini kabisa kwamba ujuzi ule ni sehemu ya historia ya ufundi wa nchi hii, na wengi wa wazee waliokuwa nao tumeshawazika bila mtu yeyote kuwarekodi.

Safari ninayoikumbuka kwa mapenzi zaidi ni ya likizo ya Desemba, kwenda kwa shangazi Muheza. Tuliondoka alfajiri, tukapita Himo, tukaishika barabara ya kuelekea kusini, Milima ya Upare ikiwa kushoto kwetu na nyika upande wa kulia. Baada ya Mwanga upepo ulianza, na tulipokaribia Same uliipiga Kombi ubavuni kwa nguvu, kwa kuwa gari lile lina ubavu mpana na pua bapa, na baba akashika usukani kwa mikono miwili bila kuzungumza na mtu. Mama naye alikata mazungumzo yetu kwa kuanzisha rozari, nasi tukaitikia. Kuanzia Mombo hadi Korogwe mkonge ulijipanga kwa mistari mirefu iliyofungukafunguka dirishani kadiri tulivyokwenda, na sisi watoto tulikuwa tumeshalala juu ya injini, migongo ikipata joto lililopenya kwenye godoro, pua zikinusa petroli na maandazi ya mama kwa pamoja. Kurudi, nafasi hiyo ya kulala ilichukuliwa na machungwa ya Muheza, mengi yao yakiwa ya majirani waliotuagiza, na tukasafiri tumeyakalia. Mimi sijui burudani ya safari iliyowahi kuipita ile.

Kombi yetu ilisimama kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi. Ikaja Toyota Hiace, iliyofanya kazi hizohizo mjini na vijijini, na baadaye nikalelea wanangu katika Noah ya zamani, aina ile iliyoanza kuundwa mwaka 1996, yenye injini chini ya viti vya mbele na redio iliyotengenezwa kwa masafa ya Japani, hivyo ikashindwa kushika stesheni zote za FM zilizo juu ya 90. Wanangu wanaizungumzia Noah hiyo kwa hamu ileile ninayoizungumzia Kombi, pamoja na maandishi ya Kijapani mlangoni waliyojifunza kuyachora kabla ya kujua maana yake. Siku zake za kuhifadhiwa zitafika nazo, na ningependa zisicheleweshwe.

Sisemi turudi kwenye magari yale. Nyuma hayakuwa na mikanda ya usalama, magoti ya dereva yalikuwa karibu mno na bati la mbele, na kumlaza mtoto juu ya injini ni jambo ambalo nisingelikubali leo kwa mjukuu wangu yeyote. Huko Brazil, ambako Kombi ziliendelea kuundwa kwa muda mrefu kuliko kwingine, kiwanda kilisitisha kuziunda mwishoni mwa 2013 kwa sababu sheria mpya ilidai mifuko ya hewa na breki za ABS, zile zinazozuia matairi yasigande, katika magari mapya, na ilikuwa haki. Kuhifadhi chombo hakuna maana ya kutaka kirudi barabarani.

Wenzetu wameliona hilo mapema. Mchoro wa kwanza wa gari hili, aliouchora Mholanzi Ben Pon katika daftari lake mwaka 1947, unatunzwa katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, nyumba inayotunza pia kazi za Rembrandt. Ikiwa Waholanzi wameona ukurasa mmoja wenye mistari michache ya kalamu unastahili heshima hiyo, sisi tuliolitumia gari lenyewe kuzaa, kuoa na kuzika tuna sababu kubwa zaidi ya kuhifadhi angalau moja.

Mahali ninapopapendekeza ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni, ambako mkutano wa TANU ulilipitisha Azimio mnamo Januari 1967. Makumbusho yale yanaeleza siasa ya Ujamaa kwa picha na maandishi, na mwaka uleule wa 1967 ndio Kombi yenye kioo kimoja kipana cha mbele, aina ambayo wengi wetu tulikulia ndani yake, ilianza kuundwa Ujerumani. Mgeni akishasoma habari za kujitegemea ukutani, aingie katika Kombi aone jinsi majirani walivyojitegemea kwa gari moja. Pawepo maelezo kwa Kiswahili, picha kutoka katika albamu za familia, na sauti za mafundi wachache waliobaki wakieleza walivyozifanya injini zile zitembee wakati ambapo vipuri havikuwapo. Kazi ya kuwarekodi wazee hao haihitaji kungoja gari lipatikane. Vyuo vyetu vya ufundi na wanafunzi wa historia wanaweza kuianza hata wiki ijayo, wakiwa na simu zao tu.

Kwa upande wetu, bodi ya Kombi ya marehemu baba bado iko kihambani Kibosho, chini ya banda la bati. Injini imo ingawa haizunguki, mabenchi yote matatu yapo, na kadi yake ya usajili ninayo pamoja na daftari ambalo baba aliandika kila lita ya petroli na kila mkanda alionunua. Nimezungumza na ndugu zangu wote, tumekubaliana kuitoa bure, na gharama ya kuisafirisha hadi Arusha tutaibeba wenyewe. Tunachoomba kwa Makumbusho ni mtaalamu aje kuikagua kabla ya masika yajayo, kwa sababu sakafu iliyo chini ya mlango wa kusukuma imeanza kutoboka na hatujui namna ya kuitibu bila kuiharibu zaidi. Mhariri anayo anwani yangu na anaruhusiwa kuwapa wahusika.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Majengo, Moshi